Arizona: kesi 6,554 zilizofungiwa kabatini, na Bunge lililoivunja CPS

Wadau, kila inapotokea habari ya mtoto kuchukuliwa na serikali huko Marekani, au ya mtoto aliyefia nyumbani wakati majirani walishapiga simu, jina linalotajwa ni moja: CPS. Wengi wanalijua kama jina la kutishia watu tu. "Nitakuitia CPS." Wachache wanajua hiyo CPS iko chini ya nani, nani anaikagua, na ikiharibu kazi inashughulikiwaje. Makala hii inaeleza hayo kwa kutumia jimbo moja, Arizona, kwa sababu huko idara iliharibu kiasi cha kuvunjwa kabisa na kuundwa upya kwa sheria. Ipo na sababu ya pili. Miji ya Phoenix na Tucson ina Wakongomani wengi waliofika kama wakimbizi, watu ambao nyumbani wanaongea Kiswahili, na idara hii inagonga milango yao kama inavyogonga ya wengine.

Kwanza tuelewane jambo moja. Hakuna CPS moja ya Marekani nzima. Kila jimbo lina yake, na katika baadhi ya majimbo kama California kazi yenyewe inafanywa na kaunti. Washington inatoa sehemu ya fedha na inaweka masharti. Sheria ya mwaka 1974 ndiyo iliyoyafanya majimbo yajenge mfumo wa kupokea taarifa za watoto wanaoteswa, na ile ya 1997 inasema mtoto akikaa mikononi mwa serikali miezi 15 kati ya 22 iliyopita, kwa kawaida serikali inatakiwa kuomba mahakama imvue mzazi haki zake zote. Soma tena hapo. Miezi 15. Kwa hiyo ukisikia mzazi analia kwamba kesi yake "inasogezwa mbele tu," ujue saa inahesabu.

Lakini idara ni ya jimbo, na wa kuisimamia ni gavana pamoja na Bunge la jimbo. Bunge la Arizona lina maseneta 30 na wawakilishi 60. Si wabunge wa kudumu kama tulivyozoea sisi. Wanakutana kuanzia Januari kwa miezi michache, na mshahara wao kwa miaka mingi umekuwa dola 24,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wana kazi nyingine: mawakili, wakulima, madalali wa nyumba. Hawa ndio wanaotakiwa kuikagua idara inayopokea maelfu kwa maelfu ya simu kila mwaka. Weka hilo akilini maana linaeleza mengi yaliyofuata.

Idara ndani ya tumbo la idara

Mpaka mwaka 2014 CPS ya Arizona haikuwa idara inayojitegemea. Ilikuwa kitengo ndani ya wizara kubwa ya jimbo ya mambo ya uchumi, DES, iliyoanzishwa 1972. Wizara hiyo hiyo ndiyo iliyoshughulikia mafao ya wasio na kazi, msaada wa chakula, huduma za walemavu na mambo mengine kibao. Mkuu wa CPS alikuwa anaripoti kwa wakubwa wengine kabla habari haijamfikia gavana. Kila mwaka wa bajeti kitengo cha watoto kiligombea fedha na vitengo vingine ndani ya nyumba moja.

Mwaka 2003 Gavana Janet Napolitano aliita kikao maalumu cha Bunge baada ya vifo vya watoto vilivyowakasirisha watu. Kikao hicho kilibadilisha mwelekeo wa sheria: kazi ya kwanza ya CPS ikawa usalama wa mtoto, na kila taarifa inayotimiza vigezo vya kisheria ikatakiwa kuchunguzwa. Kila moja. Si zile mbaya tu.

Sheria nzuri, ila ikaja 2008 na uchumi ukaanguka. Arizona ilipigwa vibaya kuliko majimbo mengi, kwa sababu uchumi wake ulisimama juu ya ujenzi wa nyumba. Januari 2009 Napolitano akaenda Washington kujiunga na serikali ya Obama, Jan Brewer akachukua kiti, na bajeti ikaanza kukatwa. Februari 2009 msaada wa kulipia watoto wadogo vituo vya kulelea mchana ulifungwa kwa waombaji wapya. Huduma za kusaidia familia kabla mambo hayajaharibika zilipunguzwa pia. Mama anayefanya kazi usiku na hana pa kumwacha mtoto atafanyaje? Anamwacha na kaka yake wa miaka 8. Jirani anaona. Jirani anapiga simu. Taarifa nyingi zinazofika kwenye idara hizi si za kipigo wala ubakaji. Ni za kile sheria inachoita kutelekeza, na mara nyingi kutelekeza kuna sura ya umaskini.

Simu zikaongezeka, watoto waliochukuliwa wakaongezeka, maofisa wakachoka na kuacha kazi. Mwaka 2011 vifo vya watoto viliwarudisha watu barabarani. Brewer akaunda kikosi kazi chini ya mwendesha mashtaka wa kaunti ya Maricopa, Bill Montgomery. Matunda yake makubwa yalikuwa sheria ya 2012 iliyounda kitengo kipya cha wapelelezi wenye uzoefu wa kipolisi ndani ya CPS, cha kushughulikia taarifa zinazoonyesha jinai. Kitengo kikapewa mkuu: Greg McKay, mpelelezi kutoka polisi ya Phoenix. Kumbuka jina hilo.

Herufi mbili

Mambo yanavyokwenda ni hivi. Mtu anapiga namba ya bure ya jimbo. Anayepokea anauliza maswali, anaangalia kama taarifa inatimiza vigezo, kisha anaipa daraja la uharaka. Za daraja la juu zinatakiwa kufikiwa ndani ya saa chache, za daraja la chini ndani ya siku kadhaa. Taarifa inatumwa ofisi ya eneo husika, msimamizi anampa ofisa, ofisa anaenda kugonga mlango. Hiyo ndiyo njia iliyoandikwa.

Kumbe kulikuwa na njia nyingine isiyoandikwa. Kabla taarifa hazijafika kwa maofisa, kikundi kidogo cha watumishi kilikuwa kinazipitia mezani na baadhi zikapewa alama NI. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba haikuchunguzwa. Taarifa yenye alama hiyo ilifungwa. Hakuna aliyekwenda kumwona mtoto. Na hizi hazikuwa simu za mzaha au za ugomvi wa majirani. Zilikuwa zimeshapita vigezo na sheria ilikuwa inasema zichunguzwe.

Ukiangalia kwa jicho la mtumishi unaelewa ilivyoanza. Meza imejaa, maofisa hawatoshi, na mkubwa anataka takwimu za kesi zinazosubiri zishuke. Kesi ikifungwa inatoka kwenye orodha ya viporo. Jedwali linapendeza. Sitetei, naeleza tu. Tatizo la kufunga faili kwa namna hii ni kwamba halionekani popote. Kiporo kinaonekana, mtu anaweza kukihesabu na kukipigia kelele. Faili lililofungwa linafanana na faili lililomalizwa.

Alama hizo zilianza kutumika 2009. Mwanzo zilikuwa chache, kisha zikashika kasi, na sehemu kubwa ilikuja miaka ya mwisho, wakati wabunge ndiyo kwanza wanaongeza fedha. Aliyeliibua ni McKay na kitengo chake, ambao walikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta na jicho la kipolisi la kuuliza faili hili lilifungwa na nani, kwa nini. Tarehe 21 Novemba 2013 habari ikatangazwa hadharani: taarifa zaidi ya 6,000. Zilipohesabiwa vizuri zikawa 6,554.

Sasa hapa ndipo penye swali la makala yote. Bunge lilikuwa wapi?

Lilikuwepo. Lilikuwa na kamati yake ya kusimamia CPS, yenye wajumbe wa vyama vyote viwili. Ilikuwa inakutana. Idara ilikuwa inapeleka taarifa za miezi sita sita zilizojaa majedwali. Mwaka huo huo wa 2013 Bunge lilikuwa limekubali maofisa wapya karibu 200, baada ya mkurugenzi wa DES, Clarence Carter, kueleza jinsi mzigo ulivyo mkubwa. Kwa vipimo vya kawaida huo ni usimamizi: mkuu anaitwa, anaulizwa, anajibu, anapewa fedha, anatakiwa kuleta ripoti. Lakini maswali yote yalihusu vitu ambavyo idara yenyewe ilichagua kuvihesabu. Maofisa wangapi, viporo vingapi, watoto wangapi wako kwenye familia za malezi. Hakuna aliyeuliza: katika taarifa 100 zilizopokelewa mwezi uliopita, nionyeshe kila moja iliishia wapi. Swali dogo kama la mwenye duka anayehesabu magunia yaliyoingia na yaliyotoka. Lingeulizwa, NI ingeonekana mwaka 2010.

Kwa maoni yangu hili ndilo fundisho kubwa la Arizona, kubwa hata kuliko kuvunjwa kwa idara. Kamati ya Bunge inayotegemea jedwali la anayekaguliwa itaona anachotaka ione.

Kuvunja

Baada ya Novemba mambo yalikwenda mbio. Desemba 2013 Brewer aliunda kikosi kilichopewa jina la CARE, chini ya Charles Flanagan aliyekuwa mkuu wa idara ya jimbo ya vijana wahalifu, na ndani yake waliingizwa watu wa nje ya CPS, wakiwemo wabunge. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzifungua upya zile 6,554, moja moja, na kuhakikisha mtu amemwona mtoto. Ripoti ilitoka mwisho wa Januari 2014. Ilionekana baadhi ya watoto wale walikuja kuripotiwa tena baada ya taarifa ya kwanza kufungwa. Yaani mtu alipiga simu, simu ikatupwa, halafu mtu mwingine akapiga tena juu ya mtoto yule yule.

Brewer hakusubiri ripoti. Tarehe 13 Januari 2014, akihutubia Bunge kwa mara ya kwanza mwaka huo, alitangaza kwamba ametia saini amri ya kuitoa CPS ndani ya DES na kuiweka chini yake moja kwa moja, Flanagan akiwa mkuu. Ikumbukwe amri ya gavana inahamisha watu na viti tu. Haiwezi kuunda idara mpya ya kudumu wala kuipa fedha. Hiyo ni kazi ya Bunge.

Hivyo kikundi cha wabunge wa pande zote, wakiwemo Nancy Barto na Kate Brophy McGee wa Republican na Debbie McCune Davis wa Democratic, kilikaa kuandika muswada kwa miezi kadhaa. Mwishoni mwa Mei 2014 ukaitwa kikao maalumu kilichodumu siku tatu, na tarehe 29 gavana akatia saini. Idara mpya ikazaliwa, DCS, yaani Idara ya Usalama wa Mtoto, ikiwa na bajeti ya zaidi ya dola milioni 800 kwa mwaka.

Kilichomo ndani ya sheria hiyo ni cha kuangaliwa kwa makini, maana hapo ndipo unaona wabunge walijifunza nini. Mkurugenzi anateuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti, hana waziri juu yake wa kumfunika. Kitengo cha McKay kilibaki na kupewa nguvu ndani ya sheria. Ikaundwa kamati ya ushauri ya watu wa nje. Na Mkaguzi Mkuu wa jimbo, ambaye anafanya kazi kwa Bunge na si kwa gavana, alipewa jukumu la kudumu juu ya idara hii: akague na aajiri wataalamu wa kujitegemea waikague. Wataalamu wa Chapin Hall kutoka Chuo Kikuu cha Chicago walifanya kazi hiyo na kutoa ripoti 2015. Naye Mkaguzi Mkuu mwenyewe alishaanza 2014 kueleza jinsi Arizona ilivyokuwa inawaweka watoto wengi mno kwenye makao ya pamoja badala ya familia.

Kisha kamati ya pamoja ya bajeti ikashika mshipi wa fedha. Idara iliandikiwa kwenye sheria ya bajeti kwamba kesi kiporo maana yake ni kesi ambayo haijaandikwa kitu kwa siku 60 au zaidi na familia haipati huduma yoyote. Tafsiri ikawa ya Bunge, idara haikuachiwa kujitafsiria. Ikawekewa kiwango: viporo vishuke chini ya 1,000. Fedha nyingine hazikutoka mpaka idara ionyeshe imefika hatua fulani. Nafasi za maofisa zilizolipiwa zilihesabiwa, 1,406, na idara ikawa inaulizwa ngapi zina mtu na ngapi ziko wazi.

Je, ilifanya kazi? Kwa viporo, ndiyo, ila ilichukua muda. Mwanzoni mwa 2015 vilikuwa vimefika zaidi ya 16,000, kwa sababu mlango wa kutupia ulikuwa umezibwa na kila kitu kikabaki mezani. Februari 2015 gavana mpya, Doug Ducey, alimfukuza Flanagan na kumweka McKay mwenyewe, yule aliyeibua kashfa. Mwaka 2017 jimbo likatangaza kwamba viporo vimekwisha.

Wale watumishi wa ngazi za juu waliohusishwa na alama ya NI walipewa likizo ya lazima 2013 na kadhaa wakafukuzwa Aprili 2014. Wenyewe walidai wakubwa zao walijua. Carter hakufukuzwa na Brewer.

Upande wa pili wa shilingi

Hapa wanaoandika habari za Arizona mara nyingi wanaishia, na mimi naona ndiyo kwanza mambo yanaanza kwa familia.

Ukimwambia ofisa kwamba mwenzake amefukuzwa kwa kutomfuata mtoto, na picha yake imetoka magazetini, ofisa wa leo atafanya nini akisimama mlangoni na hana uhakika? Atamchukua mtoto. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa kumchukua mtoto. Mwaka 2009 watoto wa Arizona walioishi nje ya nyumba zao chini ya serikali walikuwa takriban 10,000. Mwaka 2016 walizidi 18,000. Idadi ya watoto wa jimbo haikuongezeka kiasi hicho. Familia za malezi hazikutosha, ndugu wakatenganishwa, wengine wakalala ofisini au kwenye makao. Februari 2015 mawakili wa watoto walilishitaki jimbo kwenye mahakama ya shirikisho wakidai watoto hao hawapati matibabu wala familia za kutosha, na kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2020.

Wazazi nao wakaanza kuwasumbua wabunge wao. Bunge likageuka. Kuanzia 1 Julai 2018 sheria mpya ilisema ofisa hawezi kumwondoa mtoto nyumbani bila amri ya hakimu, isipokuwa kuna hatari ya haraka. Kabla ya hapo saini ya ofisa mwenyewe ilitosha. Fikiria hilo: polisi anahitaji hati kupekua kabati lako, lakini mtoto alikuwa anaondolewa bila hati.

Ikaja Chandler, kitongoji cha Phoenix, Februari 2019. Daktari alimwambia mama ampeleke hospitali mtoto wa miaka 2 aliyekuwa na homa kali na hajachanjwa. Mama akaona homa imeshuka, hakwenda. Daktari akaripoti, idara ikapata amri ya mahakama, na usiku polisi wenye bunduki wakavunja mlango. Video ilipotoka nchi nzima iliiona. Mbunge Kelly Townsend, aliyekuwa kati ya waliopigania sheria ya kuomba amri ya hakimu, alisema hakukusudia itumike hivyo. Kamati ya pamoja ya Bunge ya kuisimamia DCS ikaanza kujaza ukumbi wa wazazi wenye hasira. Miaka 6 tu nyuma kamati ya aina hiyo hiyo ilikuwa inauliza kwa nini watoto hawakuondolewa.

Sisemi wabunge ni vigeugeu. Nasema kila mara wanaitikia kesi moja iliyotoka kwenye televisheni, na idara inajifunza kuogopa kesi iliyopita. McKay aliondoka 2019, akafuata Mike Faust, na baada ya Katie Hobbs kushika ugavana 2023 akaja David Lujan, aliyeondoka 2025. Idadi ya watoto walio mikononi mwa serikali imeshuka mpaka chini ya 10,000 mwaka 2024. Lakini mwanzoni mwa 2025 msichana wa miaka 14 wa kabila la San Carlos Apache alitoroka kwenye makao ya watoto mjini Mesa na baadaye akakutwa ameuawa. Huyu alikuwa chini ya ustawi wa jamii wa kabila lake, lakini leseni ya makao yale ilitoka DCS. Mei mwaka huo Bunge na gavana wakapitisha mfumo mpya wa kutangaza watu waliopotea, hasa wa makabila ya asili. Tena kesi moja, sheria moja.

Kwa anayeishi huko

Mwisho, mambo machache ambayo sheria ya Arizona inayasema na ambayo wengi wetu hatuambiwi. Haya si ushauri wa wakili.

Ofisa wa DCS akifika mlangoni anatakiwa kukuambia kwamba unachunguzwa na kwamba tuhuma ni ipi. Anatakiwa pia kukuambia kwamba yeye kama yeye hana mamlaka ya kukulazimisha ushirikiane naye. Watu wa kwetu tumefundishwa kuheshimu mtu wa serikali, tunafungua mlango na kueleza kila kitu kwa Kiingereza cha kuokoteza. Usifanye hivyo. Lakini pia usimfukuze kwa matusi, maana anaweza kurudi na amri ya hakimu na maneno yako yakiwa ndani ya faili. Ongea kwa adabu, uliza tuhuma, omba mkalimani. Idara inayopokea fedha za shirikisho inabanwa na sheria ya haki za raia ya 1964, haiwezi kukuhudumia kwa lugha usiyoielewa na ikahesabu imekuhudumia. Na mkalimani asiwe mwanao wa darasa la tano. Mtoto hawezi kutafsiri tuhuma dhidi ya mama yake.

Mtoto akichukuliwa, idara ina saa 72, bila kuhesabu wikiendi na sikukuu, kufungua kesi mahakamani la sivyo imrudishe. Kisha kikao cha kwanza kinakuja kati ya siku ya 5 na ya 7 tangu achukuliwe. Usikose kikao hicho hata kama bosi anakutishia kazi. Huna fedha? Mahakama inakupa wakili. Hapo pia ndipo pa kutaja shangazi, mjomba, bibi, jirani wa kanisani au msikitini anayeweza kumchukua mtoto, kwa majina na namba za simu, kabla hajapelekwa kwa watu wasiomjua na wasioijua lugha yake.

Ukiona umeonewa, jimbo lina ofisi ya malalamiko ya wananchi iliyo chini ya Bunge, na inapokea malalamiko juu ya DCS bila malipo. Na kuna njia nyingine ambayo watu wachache wanaitumia. Mafaili ya watoto ni siri, hata mwandishi wa habari hapewi. Lakini sheria inamruhusu mbunge wa jimbo aombe kuliona faili kwa ajili ya kazi yake ya usimamizi, akiahidi kutunza siri. Mbunge wako ni yule wa eneo unakolala, hata kama huna uraia wala kura. Muandikie kwa jina la kesi na tarehe, mweleze kwa ukurasa mmoja, umuombe alisome faili mwenyewe kabla idara haijamletea muhtasari wake.